Cheni Iliyokatika Kila Alhamisi

Mimi si mtu wa ndoto. Nashona. Anayekata vitambaa vya watu huku akiota mchana ataamkia kwenye suruali yenye mguu mmoja mfupi, na mwenye suruali hatamwelewa. Lakini siku za Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi mpaka karibu na adhuhuri, nilikuwa naota macho yakiwa wazi, na sina namna ya kulisema jambo hilo kwa heshima zaidi.

Hiyo ndiyo siku aliyokuwa akija mnoa visu. Alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, na juu ya bomba la mbele ya kiti alikuwa amefunga jiwe la kunolea. Akifika mlangoni kwangu aliisimamisha kwenye stendi ili tairi la nyuma liwe hewani, kisha akapanda na kuanza kukanyaga pedali. Cheni ilizungusha tairi, mkanda uliotoka kwenye tairi ukazungusha jiwe, na mkasi wangu ukaanza kulia. Ndani, nami nilikuwa nakanyaga cherehani. Ukuta ulikuwa katikati yetu, na miguu yetu minne ilikwenda kwa kasi ileile bila kufika popote.

Hapo ndipo nilipokuwa napotelea. Sauti ya jiwe ilikuwa ikiingia chini ya mlango, ikapanda kwenye miguu ya meza, na ghafla naona chumba kinasafiri. Marobota ya vitambaa yanatikisika kidogo kwenye rafu. Mwanga wa dirisha unatambaa juu ya meza, unapita kwenye sahani ya vifungo, unaendelea na safari yake. Kwa muda wa kushona upindo mmoja naamini kabisa kwamba tumeshatoka mjini, tumevuka mto mpana, tunakatiza nchi tambarare yenye nyasi ndefu, na hakuna kati yetu anayeuliza tunakwenda wapi. Kisha jiwe linanyamaza. Nashtuka, nakuta nimeshona mfuko wa koti nikaufunga mdomo.

"Umeshafika?" wifi yangu alikuwa akiniuliza, bila kuinua macho.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Tangu kaka yake afariki, miaka tisa sasa, tumekaa chumba kimoja cha kazi. Mimi nakata na kuunga, yeye anatoboa matundu na kushona vifungo. Ulimi wake hauhitaji kunolewa. Hunitania mbele ya wateja kwamba nina mkono wa birika, kwamba nikinunua uzi nahesabu mpaka mizunguko, nami humwambia kwamba yeye vifungo anavyoviacha vikining'inia vinatosha kufungua duka lingine. Tunacheka, siku inakwenda. Ila kuna mambo hatukuwa tunayagusa, na mnoa visu alikuwa mojawapo.

Maana kila Alhamisi, bila kukosa, cheni yake ilikuwa ikikatika. Haikukatika kwa kinyozi wala kwa wauza nyama. Haikukatika kwenye kilima cha sokoni, ambako hata cheni mpya ingekuwa na haki ya kukatika. Alikuwa akimaliza kunoa mkasi wangu wa mwisho, mara nasikia kitu kikianguka kwenye saruji, na sauti yake ikisema taratibu, "Imekatika tena." Basi anashuka, anaketi kwenye ngazi ya mlango wangu, anatoa msumari mnene na jiwe la kugongea, na kazi ya kuirudisha pini inachukua saa nzima.

Katika saa hiyo tulikuwa tunaongea, yeye kwenye ngazi, mimi nikiwa nimesogeza kiti karibu na kizingiti. Alikuwa mtu wa mvi chache na maneno machache, lakini aliyoyasema yalikuwa na uzito. Aliwahi kuniambia kwamba akipitisha ukingo wa mkasi kwenye ukucha anajua kama umekatiwa karatasi. Siku hiyo nilimgeukia wifi kwa macho makali, naye akajitia kutafuta sindano. Aliniambia vilevile kwamba mama yake alikuwa na kisu kimoja tu maisha yake yote, na kwamba siku alipofariki kilikuwa chembamba kama jani la kitunguu. Nilikaa na maneno yale wiki nzima.

Alhamisi moja alimaliza kugonga pini, lakini hakuinuka.

"Machinjioni wananitaka," alisema. "Nikanoe visu vyao kule kule. Ni kazi ya kudumu."

"Kwa baiskeli hii?"

"Hapana. Wana mashine ya umeme. Nakaa kwenye kiti, visu vinaletwa." Alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mashine ile haina cheni, Fundi."

Aliniita Fundi siku zote, na mimi nilimwita hivyohivyo. Baada ya kusema hayo alinitazama na kungoja. Nami kichwani mwangu nikasikia kile ambacho mtu yeyote mwenye akili zake angesikia: kwamba cheni imemchosha.

"Ni kweli," nikasema. "Itakupunguzia adha."

Aliinamisha kichwa. Akasema Alhamisi ijayo atapita kuaga, na Jumatatu ataanza kule. Halafu akaondoka huku anaisukuma baiskeli ambayo angeweza kuipanda.

Niliumia. Sitazunguka maneno. Nilirudi kwenye cherehani nikashona, lakini chumba hakikusogea hata inchi moja. Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na nilitaka kulia kwa sababu mtu fulani hataketi tena kwenye ngazi yangu.

Wifi alikata uzi kwa meno. "Kaka yangu hakujua hata kurudisha cheni iliyochomoka," alisema. "Alikuwa akiniita mimi."

Sikujua kama ni utani au ni onyo. Niseme ukweli, nilikuwa namwogopa wifi kuliko midomo ya mtaa mzima. Watu wa mtaani waseme wasemavyo, jioni wanarudi kwao. Lakini wifi ndiye aliyelala sakafuni kwangu siku arobaini nilipofiwa. Kama angeniambia nimemsahau kaka yake, ningeamini.

Kwa hiyo nikajipa kazi ndogo, kama nifanyavyo siku zote moyo ukiwa mzito. Nikasema kama shida ni cheni, shida ina dawa. Pale mlangoni alikuwa ameacha kipande kibovu alichokibadilisha, viungo viwili vyenye grisi. Nikakifunga kwenye kiraka cha kitambaa, na Jumanne nikaenda kwa muuza vipuri vya baiskeli, nimnunulie mnoa visu kifaa cha maana cha kutolea pini, apumzike na msumari wake.

Duka lilikuwa jembamba na refu, limejaa tairi zilizoning'inia kutoka darini, na ukiingia ulilazimika kuinama kupita kati ya duara na duara. Nyuma ya meza ya kioo alikaa mwanamke mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya viatu. Nilimweleza. Hakuharakisha. Alitoa vifaa vitatu akavipanga juu ya kioo, na mimi nikaviinamia.

"Vyote kazi ni moja, mwanangu," alisema. "Unailaza cheni hapa kwenye meno haya mawili. Unazungusha mpini, sindano inakuja mbele, inaisukuma pini itoke, ila usiitoe yote, ibaki imeshika ncha. Ukigeuza cheni, inairudisha. Tofauti utaiona ukishafika nyumbani."

Cha kwanza kilikuwa chepesi kama kijiko cha chai na bei yake ilinifurahisha mara moja. Cha tatu kilikuwa ndani ya kisanduku, kina matundu ya kila namna ya cheni, zikiwemo za baiskeli za mashindano, na mpini wake ulikuwa umefunikwa mpira mwekundu. Cha katikati kilikuwa cheusi, hakina urembo wowote.

Mambo ya baiskeli siyajui, lakini sindano nazijua. Nimevunja sindano za cherehani kwa miaka thelathini na kila moja imenifundisha kitu. Nikamwomba azifungue. Ya kwanza nikailaza kwenye kioo cha meza, nikaiviringisha kwa ncha ya kidole, nikainama jicho likiwa sawa na kioo. Ilikuwa ikiyumba. Mwanga ulikuwa ukipita chini yake katikati.

"Hii imepinda kabla haijafanya kazi," nikasema.

"Cheni tatu," alisema mzee. "Ya nne inavunjika, na haibadilishwi. Unakitupa chote."

Ya kifaa cha katikati iliviringika kimya, haikuacha mwanya. Nikairudisha, nikazungusha mpini mbele na nyuma. Haukucheza. Ulikuwa mrefu kiasi cha kuingia kiganja kizima, na mzee akanionyesha kwamba ukifungua kitako chake, ndani mna sindano nyingine ya akiba. Ya kile cha tatu nayo ilikuwa nzuri, sikatai, lakini ilikuwa sindano ileile ya cha katikati iliyovalishwa nguo za harusi. Sikuona sababu ya mnoa visu kulipia matundu ya mashindano.

Nilikuwa nimeshakishika cha katikati nilipofungua kile kiraka changu. "Nahakikisha tu kama kinaingia cheni ya namna hii."

Mzee alivaa miwani. Alikigeuza kile kipande kwenye mwanga, mara moja, mara mbili. Kisha akanitazama mimi, si cheni.

"Nani amekwambia hii ilikatika?"

"Mwenyewe. Inakatika kila wiki."

"Cheni ikikatika, kibati cha pembeni kinapasuka, au kinavutika mpaka tundu linakuwa refu. Angalia hapa. Hakuna ufa." Alinipa. Akaniwekea ncha ya bisibisi pale pa kuangalia. "Hizi alama ni za msumari. Pini imesukumwa kwa makusudi, ikaachwa imeshika kidogo tu. Akikanyaga taratibu inatulia. Akikanyaga kwa nguvu inachomoka. Anayeijua kazi hii anaweza kukuchagulia mpaka na mlango."

Nilisimama pale na kipande cha cheni mkononi. Mlango ulikuwa wazi na upepo mdogo uliingia ukazisukuma tairi za darini, zikaanza kuzunguka polepole, kila moja kwa upande wake. Sikusikia tena mitaa. Nilikuwa nahesabu Alhamisi. Niliporudi nyuma nilifika mpaka mwaka juzi, nikaacha, kwa sababu mashavu yalikuwa yananiwaka.

"Inakatikia wapi?" aliuliza mzee.

"Mlangoni kwangu."

Alivua miwani akaiacha ining'inie. "Kwa hiyo kifaa bado unakitaka?"

Swali lile lilikuwa gumu kuliko lilivyoonekana. Nikimpa kifaa kizuri, ataona nimechoka na saa yake ya kila wiki na ninamfungulia njia aende. Nisipompa, Jumatatu yuko machinjioni. Nilitafakari kwa muda ambao mteja mwingine angefukuzwa. Mwishowe nikalipa, kwanza kwa sababu sijawahi kuziacha dukani sindano mbili zilizonyooka kwa bei ya moja, na pili kwa sababu sikutaka kuondoka mikono mitupu na habari nzito kiasi kile.

Nilirudi kwa miguu. Ilikuwa mchana mweupe, watu walipita na baiskeli zao, na mimi nilikuwa naangalia cheni tu. Zote zilikuwa nzima. Zilipita zikinong'ona kandokando yangu, viungo mamia kwa mamia, kila kimoja kimeshikwa na pini ndogo isiyofika urefu wa kifungo. Nilipotea njia katika mtaa ninaoujua tangu nikiwa msichana. Nilijikuta mbele ya ukuta wa shule nikiwa nimekibana kifaa kifuani kwa mikono miwili, na sikukumbuka nimekujaje.

Alhamisi ikafika. Alinoa mikasi mitatu na ule mdogo wa wifi wa kukatia nyuzi. Nilikanyaga cherehani bila uzi kwenye sindano, ili nisiharibu nguo ya mtu. Nilijitahidi nisafiri kidogo, kwa kuwa ilikuwa mara ya mwisho, lakini masikio yangu yalikuwa kwenye cheni. Jiwe lilipungua kasi, likanyamaza. Kikaanguka kitu kwenye saruji.

"Imekatika tena," alisema.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu asubuhi. Yote yaliyeyuka. Nilitoka, nikamkuta ameshaketi na msumari wake, nikakiweka kile kifaa juu ya goti lake.

Alikiangalia kwa muda. Alizungusha mpini, akasikiliza, akafungua kitako akaona sindano ya akiba, akakifunga.

"Hujaibiwa," alisema. "Wengi wangenunua kile chepesi."

"Nilikiona."

"Basi." Alikohoa. "Basi sitakusumbua tena, Fundi."

Uso wake ulikuwa umefunga kabisa, kama duka siku ya mapumziko, nami nikapandwa na hasira. Zilikuwa hasira juu yake, na juu yangu, na juu ya miaka miwili ya mtu mzima kugonga msumari.

"Nani amesema nimekupa?" nikasema. "Hicho ni changu. Kinakaa kwenye droo ya cherehani yangu. Cheni yako ikikatika popote pale, hata kama ni huko machinjioni kwenu kusiko na cheni, utaisukuma baiskeli mpaka hapa. Na isipokatika utakuja vilevile. Najua pini inasukumwa kwa msumari. Nimeonyeshwa alama. Na mvi zako hizo."

Aliuweka msumari chini. Ndani, mikono ya wifi ilinyamaza, maana sikusikia tena vifungo kwenye sahani.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Jumanne."

"Jumanne hii?" Alionekana mtu aliyeamshwa. "Mimi nilidhani unajua tangu mwaka juzi. Kila fundi anajua cheni haikatiki mahali pamoja. Nikawa nasema, anajua, ila hana jibu. Wiki iliyopita nikakuambia ile mashine haina cheni, nione utasemaje. Ukaniambia itanipunguzia adha."

Nilitaka ardhi ipasuke. "Nilikuwa nazungumzia cheni," nikasema. "Nataka uwe unakuja. Hilo ndilo jibu. Nataka uje."

Aliilaza cheni kwenye meno mawili ya kile kifaa na kuanza kuzungusha mpini. Nilimwambia asiitoe pini yote, aiache ishike ncha kwenye kibati, kama nilivyoelezwa dukani. Mtu ameifanya kazi ile miaka ishirini, na mimi namfundisha. Alisema ndiyo, ndiyo, lakini alikuwa akinitazama mimi. Akazungusha, akazungusha. Pini ikatoka nzima, ikadunda kwenye ngazi, ikaingia ndani ya mlango na kupotelea kwenye vipande vya vitambaa vilivyojaa sakafuni.

Tulibaki tunaitazama cheni. Sasa ilikuwa imekatika kweli.

"Una nyingine?"

"Sina. Viungo vyangu vyote vya akiba nilimpa fundi baiskeli wa pale kona jana. Nilijua sitavihitaji tena."

Nilipiga magoti kizingitini nikaanza kupekua. Yeye alipiga magoti upande wa nje, mikono tu ikiwa ndani, kwa sababu katika miaka yote ile hakuwahi kuvuka mlango. Vilikuwa vipande vya khaki, vya pamba, vya bitana nyeusi, na nyuzi zilizotufunga vidole.

"Machinjioni wanangoja jibu la mwisho leo saa kumi," alisema, macho chini.

"Na utawaambia nini?"

"Kwamba siendi."

Alilisema polepole na kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema mkasi umekwisha kunolewa. Sikuthubutu kumwangalia. Niliendelea kupapasa, na sakafu ilikuwa inaanza kusafiri chini ya magoti yangu, taratibu, ingawa hakuna aliyekuwa anakanyaga kitu.

Kisha nikaona viatu vya wifi.

Alikuwa ameinuka na kuja kusimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. Alimtazama yule mtu aliyepiga magoti mlangoni, kuanzia mvi mpaka vidole vyenye grisi, na sikumbuki kama niliwahi kumwona wifi akikaa kimya kwa muda mrefu namna ile tangu siku tuliyomzika kaka yake.

"Mnatafuta nini?"

"Pini," nikasema.

"Na huyu anaitafutia nje?" Sauti yake ilikwaruza, akaisafisha. "Miaka yote unakaa kwenye ngazi kama barua iliyokosa mwenyewe. Ingia ndani, shemeji. Itakuwa imekwenda chini ya cherehani. Anzieni huko, wala msiwe na haraka."

Mnoa visu alivua viatu, akaingia. Mimi nilikuwa bado nimeinama, shavu karibu na sakafu, na kutoka pale niliiona pini. Ilikuwa kando ya kisigino cha wifi, inang'aa kwa grisi. Niliinua macho. Wifi alikuwa ananitazama, macho yake yamejaa maji, na bila kuyaondoa usoni kwangu alisogeza mguu wake kidogo, akaikanyaga.

Nikaenda chini ya cherehani, kumsaidia kutafuta.